Swichi za Zamani na Dhana ya Umeme Mdogo wa Sola

Waya mpya zinapoanza kupitishwa katika nyumba ya zamani, swali ni lile lile: swichi hizi za duara za wakati wa mkoloni bado zinawasha taa, basi kwa nini zing'olewe? Swali lenyewe limekaa vibaya, kwa kuwa kuwasha taa ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kinachoipima swichi ni kuupitisha mkondo kwa saa nyingi bila kupata joto, na kuukata bila kuacha cheche ndefu. Mjini Lodwar na vilevile Kakuma, huko Turkana nchini Kenya, ambako jua ni jingi na paneli zimeenea, swali hilo huja likiwa limeshajibiwa na muulizaji mwenyewe: nyumba inahamishiwa sola ya volti 12, na umeme wa sola ni mdogo, kwa hiyo swichi yoyote itauweza.

Dhana hiyo ni potofu, na upotofu wake unahesabika. Kilicho kidogo katika sola ya volti 12 ni volteji, yaani msukumo wa umeme, si mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Tena volteji ikipungua, mkondo hauna budi kuongezeka ili kazi ile ile ifanyike. Taa za wati 60 kwa jumla, zikilishwa na volti 240 za gridi, huvuta robo ya ampea tu, ilhali taa hizo hizo kwa volti 12 huvuta ampea 5, yaani mara 20. Sasa ichukuliwe swichi iliyokaa miaka mingi katika vumbi la Turkana, ambayo vipande vyake vya shaba vimepata kutu hata vikawa na ukinzani wa nusu omu pale vinapogusana. Kwa kuwa joto hupatikana kwa kuzidisha ukinzani huo na mkondo uliojizidisha wenyewe, umeme wa gridi utatoa pale joto lisilofika hata sehemu moja ya ishirini ya wati, ambalo hakuna mkono utakaolihisi, lakini ampea 5 za sola zitatoa wati 12 na nusu ndani ya kisanduku kinachojaa kiganjani, huku zikipoteza volti 2 na nusu kabla umeme haujafika kwenye taa. Hapo ndipo mwenye nyumba hulaumu betri. Bakelaiti, plastiki ngumu ambayo Leo Baekeland aliipatia hataza mwaka 1909, haiyeyuki kwa joto hilo ili imwonye mtu. Huungua polepole na kugeuka mkaa, na mkaa hupitisha umeme.

Lipo pia suala la kukata. Mkondo wa gridi hubadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo cheche yake hujifia yenyewe, lakini mkondo mnyoofu (DC) wa betri haupiti kwenye sifuri kamwe, na katika mifumo ya volti 48 cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi iliyokwisha kuzimwa. Wanaosifu swichi za kale wana nusu ya ukweli hapa, maana nyingi zilikuwa na springi kali iliyotenganisha shaba kwa ghafla na kwa umbali mkubwa kuliko swichi nyingi za leo. Ila springi ya miaka 60 si ile iliyotoka kiwandani. Kuipaka mafuta ya taa au ya kupikia, dawa inayopendekezwa kwa ujasiri wa ajabu, hunasa vumbi na kuongeza kilicho tayari kuwaka.

Nyuma ya swichi kuna jambo zito zaidi. Waya wa zamani uliofunikwa kwa mpira hukauka katika joto la Lodwar hadi ukipindwa kidogo ganda lake linapukutika na shaba kubaki uchi, na sakiti nyingi za taa za enzi hizo hazikuwa na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kwa kuwa kanuni za Uingereza ziliulazimisha kwenye taa mwaka 1966 tu. Mchanga mkavu nao hupokea umeme kwa shida, hivyo fimbo moja fupi ya ethi haitoshi.

Yanayobaki kufanywa ni machache. Swichi yenye kifuniko cha chuma isiyoweza kufungwa ethi itolewe. Ya bakelaiti isiyo na ufa, ambayo fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli, ameipima ikiwa na mzigo, inaweza kubaki kwenye taa za volti 240, zikiwemo zinazolishwa na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, mradi ikate waya wenye moto na si nyutro. Kwa volti 12 inunuliwe swichi iliyoandikwa DC na ampea zake. Anayependa sura ya kale abakize ganda na kufunga swichi mpya ndani yake, au aiache ukutani bila waya. Jengo lililotangazwa kuwa kumbukumbu chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 halibadilishwi chochote kabla ya kibali kupatikana.