Nani Anazijua Mashine Zilizoko Wodini?

Tarehe 30 Januari 2025 taasisi mbili za serikali ya Marekani zilitoa onyo kuhusu monita moja ya mgonjwa. Taasisi hizo ni FDA, inayosimamia dawa na vifaa tiba, na CISA, inayoshughulikia usalama wa mitandao. Monita yenyewe ni CMS8000 ya kampuni ya Contec ya China, kifaa cha kawaida kabisa cha kuwekwa kando ya kitanda ili kuonyesha mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni na joto la mwili. Wachunguzi walikuta ndani ya programu yake kuna anwani ya IP iliyoandikwa moja kwa moja, na anwani hiyo iko nje ya hospitali. Monita ikiwashwa ikiwa kwenye mtandao, hujaribu kuifikia anwani hiyo na kupeleka huko taarifa za mgonjwa. Anwani haikuwa ya Contec wala ya kampuni yoyote ya vifaa tiba. Ilikuwa ya chuo kikuu. Zaidi ya hapo, programu ilikuwa na uwezo wa kuchukua mafaili kutoka huko na kuyaweka juu ya yale yaliyomo kwenye monita, na skrini isionyeshe lolote.

Watafiti wa Claroty, kampuni ya usalama wa mitandao, walisema baadaye kwamba hawaoni njama hapo, bali usanifu mbovu. Huenda ni hivyo. Kwa mgonjwa ambaye taarifa zake zinatoka nje, tofauti hiyo haina nafuu yoyote.

Jambo moja katika uchunguzi ule linastahili kutazamwa kwa karibu. Taarifa zilikuwa zikitoka kupitia poti namba 515, ambayo kwa desturi ya mitandao ni poti ya printa. Basi chukulia wewe ndiye uliyekabidhiwa ulinzi wa mtandao wa hospitali. Kwenye skrini yako unaona anwani 10.20.4.87 inataka kupeleka kitu nje kwa njia ya printa. Utashtuka? Pengine hapana. Huenda ni kompyuta ya mhasibu, huenda ni printa ya mapokezi iliyopangwa vibaya, na mawasiliano ya ajabu ajabu ya namna hiyo hutokea kila siku. Sasa chukulia kwamba badala ya namba tupu skrini inakuambia: hii ni monita ya mgonjwa, modeli fulani, iko chumba cha wagonjwa mahututi, kitanda cha tatu. Hapo huhitaji kuwa bingwa wa chochote. Monita ya moyo haina sababu ya kuchapisha karatasi nje ya hospitali.

Hiyo ndiyo sababu ya kuunganisha mifumo miwili ambayo katika hospitali nyingi huishi mbalimbali. Wa kwanza ni programu za ulinzi wa mtandao. Kuna ukuta-moto, unaokagua mawasiliano na kuamua yapite au yazuiwe, na kuna programu inayosimamia swichi, yaani visanduku vinavyounganisha mashine na mtandao, na kuamua kifaa gani kiruhusiwe kuingia mtandaoni. Hizi zina nguvu ya kuzuia, lakini zinachokiona ni anwani na namba za poti. Mfumo wa pili ni ule wa kufuatilia vifaa tiba. Huu unajua ipi ni pampu ya dripu, ipi ni ultrasound, ipi ni mashine ya CT, kila moja ina toleo gani la programu na iko wodi gani. Unajua mengi, ila hauna uwezo wa kuzuia kitu.

Mfumo wa pili unazijuaje mashine bila kuzihoji? Swali hili lina uzito, kwa sababu njia ambayo watu wa TEHAMA wameizoea, ya kutuma programu ikagonge kila poti ya kila kifaa na kusubiri majibu, ni ya hatari wodini. Vifaa tiba vingi vina programu za zamani na kumbukumbu ndogo, na kifaa kikigongwa kwa maswali kisiyoyatarajia kinaweza kuganda au kujizima na kuwaka upya. Kwa kompyuta ya ofisini hilo ni usumbufu. Kwa pampu inayomwingizia mtu dawa ya kupandisha presha ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo mifumo mizuri husikiliza tu. Swichi hupangwa itoe nakala ya mawasiliano yote yanayopita, na nakala hiyo ndiyo inayosomwa.

Ndani ya nakala hiyo mashine hujitaja zenyewe. Nusu ya kwanza ya anwani ya MAC, namba inayobebwa na kadi ya mtandao, humtaja aliyetengeneza kadi hiyo, ingawa si lazima awe ndiye aliyetengeneza mashine. Namna kifaa kinavyoomba anwani ya IP huonyesha kinatumia mfumo gani wa uendeshaji. Mashine za picha huzungumza kwa DICOM, lugha ya kupeana picha za kitabibu, na ndani ya DICOM mna jina la kiwanda na modeli. Vifaa vinavyopeleka majibu ya maabara au vipimo kwenye mfumo wa hospitali mara nyingi hutumia HL7, lugha ya kupeana taarifa za wagonjwa. Vidokezo hivi vikijumlishwa, picha ya kila kifaa hukamilika bila kifaa chenyewe kuguswa.

Kusikiliza kuna faida ambayo rejista ya karatasi haiwezi kuitoa. Monita ile ya Contec iliuzwa pia kwa jina la Epsimed MN-120. Mtunza stoo mwaminifu kabisa akitafuta neno Contec kwenye orodha yake hatakuta kitu, na monita itakuwa imeendelea kuwaka kitandani. Lakini mawasiliano yake ni yaleyale hata jina la nje likibadilishwa.

Muunganisho wenyewe, kwa maneno mepesi, ni huu. Mfumo wa vifaa huupelekea ukuta-moto taarifa kwamba anwani fulani sasa hivi ni ya pampu ya dripu. Ukuta-moto huiweka anwani hiyo kwenye kundi la pampu. Sheria haziandikwi tena kwa anwani, bali kwa kundi: pampu zizungumze na seva ya pampu, basi. Kesho pampu ikihamishwa wodi na kupewa anwani nyingine, kundi hujisahihisha na sheria huifuata. Kampuni kama Armis na Claroty, iliyoinunua Medigate, huuza mifumo ya kutambua vifaa inayounganishwa na bidhaa za Cisco, Palo Alto, Fortinet na wengine. Tofauti kati yao zipo, ila kanuni haibadiliki.

Ugumu unaanzia kwenye kuzuia. Wauzaji hupenda kuonyesha kifaa kikitenda jambo la kutiliwa shaka na papo hapo mfumo unakikata mtandaoni. Kwa kompyuta ya ofisi ya manunuzi nakubaliana nao. Kwa kifaa kilichounganishwa na mwili wa mtu sikubali, na hospitali yoyote isikubali. Monita ikikatwa mtandaoni huendelea kupima pale kitandani, lakini kengele zake hazifiki tena kwenye meza ya wauguzi. Usiku, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi, kengele isiyofika ni hatari kubwa kuliko kirusi kilichozuiwa. Kwa vifaa vya namna hii adhabu sahihi ni nyembamba: zuia njia ile moja ya kwenda nje, acha ile ya kwenda meza ya wauguzi, kisha mpigie simu mhandisi wa vifaa tiba. Ile monita ya Contec ingezibwa mdomo kwa sheria ya namna hiyo na mgonjwa asipoteze chochote.

Nani aandike sheria hizo? Si mtu wa mtandao peke yake. Yeye hajui kwamba mashine ya usingizi ya chumba cha upasuaji hutuma taarifa kwenye mfumo wa kumbukumbu, wala kwamba fundi wa kiwanda huingia kutoka mbali kila baada ya muda fulani kuifanyia CT matengenezo. Mhandisi wa vifaa tiba anajua hayo, na muuguzi mkuu anajua kipi kikikosekana kazi husimama. Watatu hao wakae meza moja kabla sheria ya kwanza haijawashwa. Halafu sheria ziachwe kwanza zikiandika tu kile ambacho zingekizuia, kwa wiki kadhaa, bila kuzuia kitu. Kipindi hicho hufichua mengi.

Kuna mtego mwingine ambao miongozo huupita haraka. Ultrasound ya kubebwa huzimwa Ijumaa na kuwashwa Jumatatu asubuhi. Katikati hapo muda uliopangwa wa anwani yake kubaki kwenye kundi umekwisha, na dakika za mwanzo mfumo haujaitambua tena. Kama kundi la vifaa visivyojulikana limefungwa kabisa, daktari atakuwa na mama mjamzito kitandani na picha zisizohifadhiwa popote. Muda wa kukaa kwenye kundi uwe mrefu kwa vifaa tiba, na kundi la visivyojulikana libakiziwe angalau njia ya kufikia hifadhi ya picha. Na ile akaunti ambayo mfumo mmoja huitumia kuuamuru mwingine ipewe ruhusa ya kubadilisha makundi tu. Mdukuzi akiiba akaunti yenye mamlaka yote juu ya ukuta-moto, tutakuwa tumemfungulia mlango sisi wenyewe.

Gharama ya kutojua ilionekana Uingereza tarehe 12 Mei 2017, siku kirusi cha WannaCry kiliposhambulia. Kirusi kile kilipita katika poti 445 kwa udhaifu wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeutolea kiraka Machi mwaka huohuo. Katika taasisi 236 za hospitali na huduma za afya England, takriban 80 zilivurugikiwa kazi, na miadi ya wagonjwa ilifutwa kwa maelfu. Mashine za uchunguzi zikiwamo za MRI zilikumbwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya taasisi hizo 80 hazikuwa zimeambukizwa. Nyingi zilizima barua pepe na mifumo mingine kwa tahadhari. Usipojua mashine zako zipi ziko salama, huna la kufanya ila kuzima zote, na wagonjwa hurudishwa nyumbani.

Kwa hospitali zetu za Afrika Mashariki, mtu atasema mifumo hii ni ya matajiri. Leseni zake ni ghali kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi haihitaji leseni. Kutenga mtandao wa vifaa tiba na ule wa ofisi na wageni kunawezekana kwa swichi nyingi zilizopo. Zeek na Suricata, programu za bure za kusikiliza mtandao, na pfSense, ukuta-moto wa bure, vinaweza kuanza na wodi moja. Kinachohitajika zaidi ni rejista ya vifaa yenye anwani ya MAC ya kila mashine, na ahadi kwamba mashine mpya haiunganishwi kabla haijaandikwa. Sheria za nchi nazo zipo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na monita inayopeleka taarifa za mgonjwa kusikojulikana ni suala la sheria hizo kama lilivyo la ufundi.

Pa kuanzia ni kwenye manunuzi. Kuna fomu iitwayo MDS2, ambayo watengenezaji wa vifaa tiba huijaza kueleza kifaa chao kinahifadhi taarifa gani, kinapokeaje viraka na kina kinga zipi. Mganga mkuu, mkurugenzi wa hospitali, ofisa manunuzi: ombeni fomu hiyo kabla ya kusaini, na mwulizeni muuzaji kwa maandishi mashine yake huzungumza na nani, kwa poti ipi, na kwa nini. Akishindwa kujibu, msiiunganishe na mtandao.