Usalama wa Wi-Fi ya nyumbani

Usalama wa Wi-Fi ya nyumbani ni hatua zinazochukuliwa ili mtandao usiotumia waya usitumiwe wala kuchunguzwa na watu wasioruhusiwa. Mawimbi ya ruta hayaishii ukutani. Katika mji kama Ifakara, kwenye Bonde la Kilombero (Mkoa wa Morogoro, Tanzania), yanaweza kufika kwa jirani au barabarani. Kwa hiyo kinga yake ni usimbaji wa mawasiliano pamoja na nywila (neno la siri).

== Viwango vya usimbaji ==
Kiwango cha kwanza, WEP, kilitolewa mwaka 1997. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha jinsi kinavyoweza kuvunjwa. Kilifuatwa na WPA (2003), WPA2 (2004) na WPA3 (2018). Mwaka 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti nchini Ubelgiji, alitangaza kasoro ya WPA2 iitwayo KRACK, ambayo huzibwa kwa kusasisha programu za vifaa.

Udhaifu mwingine uko katika WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu 8. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alieleza kwamba ruta huhakiki namba hiyo kwa sehemu mbili, hivyo majaribio 11,000 hutosha kuipata.

== Udhaifu wa nywila ==
Katika WPA2, mtu aliye karibu anaweza kunasa ujumbe ambao simu na ruta hubadilishana wakati wa kuunganishwa. Kisha huondoka nao na kubahatisha nywila kwenye kompyuta yake, bila ruta kujua.

Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu 10 na huanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu 8, yaani namba zisizozidi milioni 200. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu zaidi ya nywila 100,000 kwa sekunde, hivyo huzimaliza zote chini ya saa moja.

Majina ya mahali ni dhaifu zaidi. WPA2 hudai herufi 8 au zaidi. "Kilombero" lina herufi 9, hivyo hukubalika lilivyo. "Ifakara" lina 7, na kuongeza tarakimu moja hulifanya likubalike bila kulifanya gumu. Kinyume chake, maneno matano yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776 yangehitaji mamilioni ya miaka kwa kasi ya majaribio 100,000 kwa sekunde.

== Madhara ==
Aliyeingia anaweza kumaliza bando la mwenye nyumba. Akifungua pia mipangilio ya ruta, anaweza kuwapeleka watumiaji kwenye kurasa bandia zinazoiba nywila zao. Akitenda kosa mtandaoni, laini inayoonekana ni ya mwenye ruta. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa.

== Kinga ==
* Kutumia WPA3, au WPA2 kama ruta haina WPA3.
* Kuweka nywila ndefu isiyohusiana na jina, simu wala mahali.
* Kubadilisha nywila ya mipangilio ya ruta iliyowekwa kiwandani.
* Kuzima WPS.
* Kusasisha programu ya ruta.
* Kuwapa wageni mtandao wao wa pembeni.