Sura ya Nne: Kichupa Huanza Kusomwa Kitakoni

Katika nyumba za Meru na Embu, kichupa cha kioo chenye nakshi ni nadra kubaki na kazi kilichokuja nayo. Kiliingia na marashi. Marashi yalipokwisha, mzee akakitia ugoro, maana kilitosha mfukoni kuliko pembe. Ukiuliza kimetoka wapi, utasimuliwa habari za huyo mzee. Ni habari za kweli, ila hazimfikii aliyekifinyanga kwa moto. Kichupa kina asili tatu: mahali kioo kilipoyeyushwa, mahali kilipojazwa, na mikono iliyokitunza. Ya kwanza ndiyo inayokosewa zaidi, na ndiyo ninayoishughulikia hapa.

Kigeuze. Ukikuta katikati ya kitako kovu la mviringo linalokwaruza kidole, hapo palishikwa na fimbo ya chuma, kioo kikiwa bado moto, fundi akimalizia mdomo. Kisha fuata mshono wa ubavuni. Ukipotea shingoni kabla ya kufika mdomoni, mwili ulipulizwa ndani ya kalibu na mdomo ukatengenezwa kwa mkono. Ukipanda hadi ukavuka mdomo wenyewe, hiyo ni kazi ya mashine, za jamii ya ile ya Mmarekani Michael Owens iliyoanza kazi mwaka 1903.

Wengi huona kovu wakatangaza kwamba kitu ni cha zama za wamisionari wa kwanza. Hilo ni kosa, na huwagharimu wanunuzi. Karakana ya Kitengela, kusini mwa Nairobi, inapuliza kioo kwa mdomo hadi leo, ikiyeyusha vioo chakavu vya madirisha. Misri nayo huwauzia watalii vichupa vya marashi vilivyopulizwa kwa mkono, vyepesi kama ganda la yai, vyenye michoro ya dhahabu. Kovu hueleza namna ya kazi. Mwaka utautafuta kwingine.

Maandishi yakiwepo, husaidia sana. Neno "Czechoslovakia" lina mipaka yake: nchi hiyo ilizaliwa 1918 na ikagawanyika mwishoni mwa 1992. Kaskazini mwa Bohemia, eneo la Jablonec lilitoa vichupa vya marashi na pia shanga za kioo zilizosafirishwa kwa wingi Afrika Mashariki, hivyo kichupa cha kabatini na shanga za nyanya huenda vilitoka wilaya moja ya mbali. Herufi D.R.G.M. ni za Ujerumani, kuanzia 1891. "R. Lalique" ni alama ya Ufaransa ya kabla ya René Lalique kufariki 1945, baada ya hapo R iliondolewa. Lakini sahihi hiyo imeghushiwa mno, kwa hiyo usiiamini peke yake. Kibandiko cha karatasi ndicho dhaifu kuliko vyote, kwani hubanduka na kubandikwa kwingine.

Rangi hudanganya, lakini kuna kifaa cha bei nafuu: ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Gizani, kioo chenye urani hung'aa kijani kikali chini yake. Kioo kilichosafishwa rangi kwa manganisi, mbinu iliyoenea hadi karibu na Vita Kuu ya Kwanza, hugeuka zambarau kikianikwa juani miaka mingi, na jua la Mbeere halikosekani. Na kile cha buluu iliyokolea, chenye pembe sita na matuta ubavuni, ambacho watu hukiweka mezani kama pambo? Huko Uingereza kilikuwa cha sumu: matuta yalimwonya mtu aliyekipapasa gizani. Usishangae kukikuta karibu na hospitali kongwe ya misheni kama Chogoria, iliyoanzishwa na Daktari Archibald Irvine mwaka 1922.

Usikioshe kabla hujakinusa na kukichungulia. Masalia ya ugoro begani ni ushahidi wa ile asili ya tatu, na maji ya sabuni huufuta mara moja. Halafu vuta kizibo polepole. Katika vichupa vizuri, kizibo na shingo vilisagwa pamoja hadi vikashikana, na fundi akakwaruza nambari ileile kwenye vyote viwili ili visichanganywe. Zitafute kwa lenzi. Zikitofautiana, kizibo kina chanzo chake na mwili una wake. Viandikie kila kimoja kadi yake.