Gurudumu la matatu linapogeuka yai kwenye simu

KIJANA anayesimama kando ya barabara mtaani Umoja au Donholm, Nairobi, akitaka kuipiga picha matatu yenye michoro ya kuvutia, hulazimika kuilaza simu yake ili gari lote lienee kwenye kioo.

Hapo ndipo baadhi ya programu za kamera humwaibisha. Gurudumu hugeuka umbo la yai, naye kondakta huonekana mnene kupita kiasi.

Wengi hudhani kamera imeharibika, wakakimbilia kwa fundi. Hata hivyo, aghalabu kosa huwa la programu.

Kamera nyingi za simu hunasa picha zenye uwiano wa 4 kwa 3. Simu ya Huawei Ideos, iliyowafungulia Wakenya wengi mlango wa Android mnamo 2011, ilikuwa na kioo cha nukta 320 kwa 240, ambao ni uwiano uo huo.

Baadaye vioo vilirefushwa hadi 16 kwa 9 na zaidi. Picha ya 4 kwa 3 ikilazimishwa kujaza kioo cha 16 kwa 9, huvutwa kwa thuluthi moja.

Simu inapolazwa, upana na urefu wa eneo la kuonyeshea picha hubadilishana. Android huiarifu programu kuhusu vipimo hivyo vipya.

Programu iliyoundwa vyema husimamisha picha, huchagua kipimo kinachokubaliwa na kamera chenye uwiano wa karibu zaidi, hurekebisha mwelekeo, kisha huanza upya. Tofauti ikibaki, hukata kingo au huacha pande nyeusi, lakini haivuti picha.

Mnamo 2019 Google ilizindua CameraX, ambayo humpunguzia mtayarishaji sehemu kubwa ya kazi hii.

Je, mwenye simu afanyeje? Kabla ya kumlipa fundi, piga picha ya sahani ukiwa umeielekea moja kwa moja, kisha ufungue picha iliyohifadhiwa. Picha hiyo huandaliwa kando na ile ya kioo. Sahani ikiwa duara, kamera ni nzima. Sasisha programu au utumie nyingine.

Nao vijana wa Buruburu na Kayole wanaounda programu wazijaribu kwenye simu za bei nafuu, wakizisimamisha na kuzilaza. Mteja haoni hesabu zilizofichwa ndani ya programu. Huona sura yake tu, na ikipotoka, huifuta programu hiyo.