Muziki Mzito (3): Bolt Thrower na Albamu Iliyowatosha

Katika sehemu ya pili tuliishia Florida, Marekani, kwenye studio ya Morrisound mjini Tampa, ambako bendi za Death, Obituary na Morbid Angel zilirekodi kazi zilizoupa muziki wa dethi metali sura yake. Leo tunavuka Atlantiki hadi Coventry, mji wa viwanda katikati ya Uingereza, na tutashughulika na albamu moja tu: Those Once Loyal ya Bolt Thrower, iliyotoka Novemba 2005. Kwa Kiswahili jina hilo ni sawa na kusema "Wale Waliokuwa Waaminifu".

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nisianze na kazi zao za ujanani, ambazo ndizo zilizowapa jina. Ujana hauhitaji maelezo mengi. Kijana wa miaka ishirini akilipiga gitaa kwa hasira, nani atashangaa? Kinachotaka maelezo ni watu ambao wengi wao walikuwa wanakaribia miaka arobaini, wameshatoa albamu saba, wanaingia studio na kutoka na kazi ambayo kwa masikio yangu inazipita zote saba, kisha wanakataa kutengeneza nyingine.

Coventry ni mji unaoijua vita. Usiku wa Novemba 14, 1940, ndege za Ujerumani ziliumwagia mabomu saa baada ya saa, zikaliteketeza kanisa lake kuu la kale. Magofu yake hayakuvunjwa. Yamesimama hadi leo ubavuni mwa kanisa jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962. Viwanda vya magari na zana za kivita ndivyo vilivyouletea mji ule mabomu, na viwanda hivyohivyo ndivyo vilivyoanza kufungwa kimoja baada ya kingine katika miaka ya utoto na ujana wa wanamuziki wetu. Bolt Thrower ilizaliwa humo mwaka 1986, waanzilishi wakiwa wapiga gitaa Barry Thomson na Gavin Ward. Mwaka uliofuata Jo Bench alishika gitaa la besi, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kusimama katika bendi ya aina hii, na hakuliacha hadi siku ya mwisho. Karl Willetts alikuwa dereva wao kabla hajapewa kipaza sauti. Jina la bendi walilichukua kwenye Warhammer, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa vinyago vidogo: ni mtambo wa kurushia mishale mikubwa. John Peel, mtangazaji wa BBC aliyekuwa na sikio la kutambua vipaji vya ajabu, aliwaalika kurekodi kwa ajili ya kipindi chake mwaka 1988, na njia ikafunguka.

Sasa sauti yenyewe. Jirani na Coventry uko mji wa Birmingham, ambako Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatika ni vile vya kulia vinavyobana nyuzi. Baadaye alizilegeza nyuzi zake ili zisimuumize, na zilipolegea zikatoa mlio wa chini, mzito, wenye giza. Kila bendi ya muziki mzito iliyofuata inakula kwenye sahani hiyo. Bolt Thrower walizilegeza nyuzi kupita Iommi, wakaweka magitaa mawili yanayopiga kitu kilekile kwa wakati mmoja, na besi ya Jo Bench ikajaza nafasi iliyobaki chini yake.

Magitaa hayo hupiga kinachoitwa rifu, yaani kipande kifupi kinachorudiwa hadi kikawa uti wa mgongo wa wimbo. Anayesikiliza dansi la Kikongo anaweza kuielewa kwa njia ya karibu: ni sebene, pale noti chache za gitaa zinapozungushwa na kuzungushwa bila kuchosha, ila hapa wimbo mzima ni sebene na mwimbaji hanyamazi kuipisha. Rifu mbovu huchosha ikirudiwa mara nne. Rifu za Those Once Loyal zinarudiwa mara nane, mara kumi na sita, na bado msikilizaji anaona zimekatishwa mapema.

Siri iko kwenye mwendo. Bendi nyingi za dethi metali hushindana kwa kasi. Mpiga drams hupiga mikono na miguu kwa mfululizo wa haraka hata mpigo mmoja usitofautike na mwingine. Martin Kearns, aliyejiunga na Bolt Thrower mwaka 1994 akiwa na miaka 17 tu, na kwa sababu hiyo wenzake wakamwita Kiddie, aliweza kufanya hivyo alipotaka. Katika albamu hii mara nyingi hakutaka. Miguu yake inakimbia juu ya kanyagio mbili za drams kubwa, lakini mikono inakwenda kwa mwendo wa kwata, na katika tofauti hiyo ya miguu inayoharakisha na mikono inayongoja ndimo uzito unamozaliwa. Kasi peke yake huwa nyepesi. Hili ni jambo ambalo bendi changa huchelewa kulielewa, na nyingine hazilipati kabisa.

Sauti ya mwimbaji ndiyo inayowafukuza wengi, kwa hiyo niseme kidogo. Mngurumo huu hautoki mahali pamoja na sauti ya kuimba ya kawaida. Juu kidogo ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine ya nyama ambayo katika maongezi ya kila siku hukaa kimya. Mwimbaji hujifunza kuitikisa kwa pumzi inayosukumwa kutoka tumboni. Anayelazimisha kwa koo huishiwa sauti baada ya maonyesho machache. Willetts alikuwa na karibu miongo miwili ya kazi hii alipoirekodi albamu, na faida moja ya umri wake inasikika wazi: maneno yanashikika. Mtu anayejua Kiingereza anaweza kuufuata ubeti bila karatasi mkononi. Wenzake wengi wa fani hii hawajali kama unaelewa. Yeye alikuwa na habari ya kusema.

Habari hiyo ni vita, kama ilivyokuwa tangu albamu ya kwanza ya mwaka 1988. Hata hivyo vita ya Bolt Thrower ilibadilika kadiri walivyokua. Katika Realm of Chaos ya mwaka 1989 ilikuwa vita ya mezani, ya mazimwi na sayari za mbali, na jalada lilitoka kwa kampuni yenye mchezo wa Warhammer. The IVth Crusade ya mwaka 1992 ilibeba jaladani mchoro wa Eugène Delacroix unaowaonyesha wapiganaji wa msalaba wakiingia Konstantinopoli, na hapo tayari tumetoka kwenye ndoto tukaingia kwenye historia. Mwaka 1994 walikopa hata mistari ya mshairi Laurence Binyon aliyewalilia askari waliokufa. Kufikia Those Once Loyal mazimwi yamekwisha. Kuna handaki, kuna alfajiri ya kutoka handakini kwenda kufa, kuna mizinga inayonyamaza. Zaidi ya yote kuna walio hai wanaosimama mbele ya majina ya wafu yaliyochongwa. Albamu ikatoka Novemba, mwezi ambao Waingereza huvaa maua mekundu ya karatasi vifuani kuwakumbuka waliouawa, kwa kuwa Vita ya Kwanza ya Dunia ilisimamishwa Novemba 11, 1918.

Hapa nina neno la pembeni. Kumbukumbu hii ni ya Ulaya tupu, matope ya Ubelgiji na Ufaransa. Vita hiyohiyo ilifika kwetu Agosti 1914, na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria wamebakiwa na jina la soko la Kariakoo, lililotokana na jina la kikosi chao na ambalo wanunuzi wengi hawalihusishi nao. Siwalaumu vijana wa Coventry kwa kuwalilia babu zao. Nasema tu kwamba msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayeusikia wimbo wa kichwa cha albamu ana wafu wake wa kuwaweka ndani yake, na muziki una nafasi ya kuwabeba.

Turudi studio. Albamu ilirekodiwa hukohuko Coventry, katika studio ya Sable Rose, chini ya mtayarishaji Andy Faulkner. Nyimbo ni tisa, zote pamoja hazifiki dakika arobaini na tano. Hakuna utangulizi wa vinanda, hakuna mwimbaji mgeni, hakuna wimbo wa kupumzikia. Kama nina kasoro ya kuitaja, nyimbo mbili tatu za katikati zinafanana mwendo mno, na anayesikiliza kwa mara ya kwanza anaweza kupotea asijue yuko wapi. Jambo hilo halinisumbui sana, kwa sababu wimbo wa mwisho, When Cannons Fade, unarudisha kila kitu mahali pake.

Kitu ambacho mashabiki wa zamani hukifurahia, na ambacho mgeni hawezi kukijua bila kuambiwa, kimo katika wimbo uitwao The Killchain. Mwaka 1989 bendi ilikuwa na wimbo World Eater. Rifu yake ilichukuliwa na kuendelezwa katika Cenotaph mwaka 1991, ikapokewa na Embers mwaka 1992, ikapokewa tena na Powder Burns mwaka 1998, kila wimbo ukianzia pale mwenzake ulipofifia. The Killchain ni pete ya tano katika mnyororo huo. Maana yake ni kwamba bendi ilikuwa ikiandika wimbo mmoja mrefu kwa miaka 16, ikiupitisha katika albamu tano, bila kumtangazia mtu. Sijui bendi nyingi zenye subira ya namna hiyo, katika muziki wowote.

Subira ilionekana hata kwenye kalenda. Albamu mbili za kwanza zilipishana kwa mwaka mmoja. Baadaye pengo likaongezeka hadi kufikia miaka minne. Willetts mwenyewe alikuwa ametoka na kurudi. Albamu ya mwaka 2001, Honour – Valour – Pride, iliimbwa na Dave Ingram aliyetoka bendi ya Benediction, na ingawa Ingram ni mwimbaji hodari, kuna ubaridi fulani ndani ya albamu hiyo. Willetts aliporejea mwaka 2004, kundi lilipata tena kilichopungua. Watano hao, Willetts, Thomson, Ward, Bench na Kearns, ndio walioitengeneza Those Once Loyal.

Kisha likaja jambo la ajabu. Walianza kutunga nyimbo za albamu ya tisa, wakazipima, wakaziweka kando. Wakawaeleza mashabiki kwamba nia yao tangu mwanzo ilikuwa kuacha kurekodi siku watakapotengeneza albamu kamili ya Bolt Thrower, na kwamba Those Once Loyal ndiyo hiyo. Waliendelea kusafiri na kupiga jukwaani, kwa viingilio na fulana za bei nafuu kama walivyoshikilia miaka yote, lakini studio hawakurudi.

Wako waliouona uamuzi huu kuwa majivuno. Nami nimewahi kufikiri hivyo, kwa sababu msanii anayejitangazia ukamilifu anatia shaka. Lakini angalia njia ya kawaida ya bendi kongwe. Hutoa albamu kila baada ya miaka mitatu kwa kuwa ziara inahitaji kisingizio, hupiga nyimbo mbili mpya jukwaani huku watu wakienda kununua vinywaji, kisha hurudi kwenye nyimbo za zamani walizofuatwa kwa ajili yake. Bolt Thrower walijinyima pato hilo. Majivuno huwa hayagharimu kiasi hicho.

Septemba 2015 walikuwa wamemaliza mazoezi ya ziara ya Australia. Kearns akajisikia vibaya, na Septemba 14 akafariki usingizini, akiwa na miaka 38. Mwaka mmoja kamili baadaye, Septemba 14, 2016, waliobaki walitangaza kwamba bendi imekwisha, na kwamba kiti cha mpiga drams wa Bolt Thrower kimezikwa pamoja naye.

Willetts hakuacha kuimba. Pamoja na Andrew Whale, mpiga drams wa kwanza wa Bolt Thrower, na Frank Healy wa Benediction, aliunda Memoriam, bendi iliyotokana na misiba. Hiyo haina subira hata kidogo: albamu yake ya kwanza ilitoka 2017, na kufikia 2023 ilikuwa na tano. Zimo nyimbo nzuri, na sauti ya Willetts imezidi kukwaruza kwa namna inayopendeza, ila sijasikia ndani yake rifu inayodai kurudiwa mara kumi na sita.

Anayetaka kuionja Those Once Loyal aanze na At First Light, kisha The Killchain, kisha wimbo wa kichwa, kwa sauti ya juu kadiri majirani watakavyoruhusu. Spika ndogo za simu huiua besi ya Jo Bench yote. Wiki ijayo tunakwenda Stockholm, Sweden, kwenye studio ya Sunlight, tuone jinsi kisanduku kidogo cha kanyagio kilichotengenezwa na kampuni ya Boss ya Japani kilivyoupa mji mzima mlio wake.