Apareyi nyeusi isiyokula koltani

Wandugu, kama kwenu kumebaki foto ndogo nyeusi-nyeupe ya babu, ile inayotunzwa ndani ya Biblia ao chini ya sanduku, mchukue rula muipime. Ikiwa na sentimetre 6 kwa 9, inawezekana sana haikukuzwa na masini. Mpiga foto alilaza filimu juu ya karatasi, akawasha taa kidogo, akaosha karatasi ndani ya dawa, basi. Ukubwa wa foto njo ukubwa wa filimu yenyewe. Na apareyi nyingi zilizopiga foto za namna hiyo zilikuwa sanduku tu lenye jicho moja: kwanza la karatasi ngumu na bati, halafu la bakeliti.

Leo tunaongea juu ya ile ya bakeliti. Sisi watu wa shimo inatuhusu zaidi kuliko mtu anavyofikiri.

Bakeliti ilitokezwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mtoto wa fundi viatu wa Gent, Ubelgiji, aliyehamia Marekani. Mbele ya hapo alikuwa ametengeneza karatasi ya foto iliyoitwa Velox, akaiuzisha kwa kampuni ya Kodak mwaka 1899. Bakeliti yenyewe ni dawa mbili, fenoli na formaldehidi, zinazopikwa na kukandamizwa ndani ya kalibu. Ikiisha kukauka, hata uiweke kwenye moto haiyeyuki tena. Haipitishi umeme. Wazee wanaijua: swichi za ukuta za zamani, plagi, na ile telefone nyeusi nzito ya ofisi. Ubaya wake ni mmoja, ikianguka juu ya jiwe inapasuka kama sahani.

Kwa apareyi za foto, faida ilikuwa bei. Masini moja inakandamiza mara moja, ganda zima linatoka tayari, bila kushona ngozi wala kukata mbao. Mwaka 1900 Kodak ilikuwa imetoa Brownie ya karatasi ngumu kwa dola 1. Mwaka 1934 ikatoa Baby Brownie ya bakeliti, iliyochorwa na Walter Dorwin Teague, nayo kwa dola 1 vilevile. Kule Uingereza, kuanzia 1952, ikatoka Brownie 127, ya mviringo kama sabuni, foto 8 kwa filimu moja. Wafaransa nao, mjini Lyon, walikuwa na Ultra-Fex: shingo yake ya mbele unaivuta nje mbele ya kupiga, inatumia filimu 620, inatoa zile foto za 6 kwa 9. Warusi walitengeneza Lubitel yenye macho mawili, moja la kutazamia na moja la kupigia, foto 12 za mraba. Majina tofauti, lakini ndugu wa tumbo moja: nyeusi, nyepesi, za mtu wa kazi.

Fungua Brownie uangalie ndani. Utakuta kioo kimoja, resori moja, kibati kinachofunguka na kufunga haraka, na kitufe cha kuzungusha filimu. Nyuma kuna kidirisha chekundu cha kusoma namba ya foto. Njo byote. Haiko na betri, haiko na kitu cha kushaji. Jua likae nyuma ya mpiga foto, anayepigwa asimame hatua mbili ao tatu mbali na asitikisike. Ukisahau kuzungusha filimu, watu wawili wanatokea juu ya foto moja kama mizimu.

Sasa angalia telefone iliyo mfukoni mwako, ile inayopiga foto siku hizi. Ndani yake kuna vipande vidogo sana vinavyotunza na kutuliza umeme, na vingine kati ya hivyo vinatengenezwa na tantali. Tantali inatoka kwenye koltani. Vipande hivyo vinashikamanishwa na bati la kuchomelea, na bati linatoka kwenye kasiterite. Koltani ni mawe ya Rubaya, hapa Masisi. Inahesabiwa kwamba karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia inatoka kule. Kasiterite ni mawe ya Bisie, kule Walikale. Apareyi ya bakeliti haikuomba hata chembe ya koltani yetu. Telefone inaiomba, na sisi tunaingia chini kuitafuta.

Hatusemi turudie zamani. Tunasema hivi: ikiwa foto ya dunia ya leo inapita kwenye mikono yetu, foto itutumikie sisi pia.

Kongo inajua nguvu ya foto. Mwaka 1904, kule Baringa, wakati wa kaucho ya Leopold, mama mmoja mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga foto ya baba Nsala amekaa kwenye baraza, anatazama mkono na mguu wa mtoto wake, kilichobaki kisha walinzi wa kampuni ya kaucho kumuua. Bakeliti ilikuwa haijazaliwa. Foto hiyo na zingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani, mbele ya watu waliojaa makanisani na kwenye masali. Wakubwa walizoea kusema maneno ya mashahidi ni uongo. Mbele ya foto maneno yaliwaishia. Mwaka 1908 Leopold alinyanganywa Kongo, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku hiyo, lakini ushahidi ulikuwa umefanya kazi.

Na sisi? Udongo ukianguka, swali la kwanza ni: nani alikuwa ndani? Boss wa shimo anataja hesabu yake, wenzake wanataja ingine. Telefone ya marehemu imezikwa naye, foto zake zimeenda. Mjane anabaki bila sura ya kuonyesha watoto, na bila kitu cha kuweka mezani pale anapodai haki yake.

Kwa hiyo tunaomba kila ekipe ifanye hivi. Mara moja kwa mwezi, pigeni foto ya ekipe nzima mbele ya shimo, na foto ya miti inayoshikilia udongo. Mutoe kopi mbili za karatasi. Nyuma, kwa kalamu ya risasi, muandike majina, tarehe na jina la shimo. Wino wa biki unaweza kupenya. Kopi moja ikae kwa kiongozi wa ekipe, ingine kwa familia, mbali na mgodi. Msipige maaskari wala mizani ya watu, wala msipige mahali ambapo kutoa telefone ni kujitafutia kifo. Uhai kwanza.

Zile za babu nazo mzitunze. Msizipeleke kuplastifiwa, moto wa ile masini unaweza kuziharibu. Msizibandike ukutani karibu na moshi. Muzifunge ndani ya karatasi safi, mahali pakavu, kwa sababu baridi na ukungu wa milima yetu vinakula foto. Kopi ya telefone mupige kivulini, bila flashi. Halafu mumuulize mzee aliyebaki: huyu ni nani, alifanya kazi wapi, foto ilipigwa mwaka gani? Muandike nyuma jibu lake wiki hii hii, mzee akiwa angali anakumbuka.