Tanki ya mawese nayo inapumua

Wandugu wa koperative, kwa kijiji kimoja upande wa Beni tulikuta tanki ya mafuta ya mawese imebonyea kama bidoni iliyonyonywa hewa. Haikugongwa na gari. Mtu alifunga bomba ya hewa kwa sashe, juu ya kuzuia nyuki, kisha wakawasha pompe.

Mafuta ikitoka, hewa lazima ishike nafasi yake. Isipoingia, hewa ya inje inakandamiza manjanja. Mvuto mdogo tu, wa kupandisha maji sentimita 10 ndani ya mpira, unaweka uzito wa karibu kilo 100 kwa kila mita mraba. Na hata bila pompe: jua la saa nane linapasha tanki, mvua ya Butembo inashuka, hewa ya ndani inapoa kutoka digri 45 mpaka 20, inajikunja karibu asilimia 8. Ndiyo maana kiwango cha Marekani, API 2000, kinahesabu vyote viwili, pompe na hali ya hewa.

Wakati wa kujaza ni kinyume: hewa isipotoka, kifuniko kinavimba na mshono unapasuka.

Bomba ya hewa isipungue upana wa bomba kubwa ya kujazia ao ya kutolea. Mdomo wake uangalie chini. Nyuki wazuiwe na wavu, si sashe. Lakini wavu muukague kila mara mbele ya kuwasha pompe: mawese inarukia pale, inaganda na baridi yetu, inaziba kabisa. Mukikuta imeziba, musafishe kwa maji ya moto, robine ibaki imefungwa mpaka hewa ipite.